Pikapu Inayovuta Upande: Somo la Alainimenti kwa Wenye Magari ya Kazi

Kuna jambo ambalo wenye pikapu hulilipia mara kwa mara na bado hawalipati: alainimenti ya magurudumu.

Upande wa bara wa Mombasa unaishi kwa pikapu. Ndizo zinazotoa mboga na matunda soko la Kongowea, zinazopeleka saruji na mawe kwenye mijengo ya Utange na Mtopanga, zinazosambaza mitungi ya maji Mtongwe na Shika Adabu, na zinazobeba vipuri na mafundi kati ya Chaani, Port Reitz na Magongo. Mwenye gari la namna hii anajua kwamba baada ya mafuta, tairi ndizo zinazokula faida. Zikiisha kabla ya wakati wake, kazi ya miezi kadhaa imekwenda bure.

Malalamiko yanafanana kila mahali. Gari linavuta kushoto, mwenye gari anakwenda kufanyiwa alainimenti, analipa, anaridhika kwa wiki mbili, halafu tairi inaanza kulika upande ule ule. Anaamini kwamba mashine ya gereji ni mbovu, anahamia gereji nyingine, analipa tena. Mara nyingi mashine haina kosa. Alainimenti imefanywa kwa gari ambalo halikuwa tayari kufanyiwa.

Vipimo vitatu

Alainimenti ni kupima na kurekebisha pembe ambazo magurudumu yamekaa, yakilinganishwa na mengine na yakilinganishwa na barabara. Pembe zenyewe ni tatu, nazo mafundi huziita too, kemba na kasta.

Too ndiyo rahisi kuielewa. Simama wima, kisha elekeza ncha za miguu yote miwili ndani kidogo, halafu nje kidogo. Magurudumu ya mbele nayo hukaa hivyo, yakiwa yametazamana kidogo au yameachana kidogo. Kemba ni namna tairi inavyoegemea ukiitazama kutoka mbele ya gari: je, sehemu ya juu imeinamia ndani au nje? Kasta ni ngumu zaidi kuiona, lakini kila baiskeli inayo. Tazama uma wake wa mbele: haukusimama wima, umelalia nyuma. Ndiyo maana baiskeli ikiwa mwendoni hujinyoosha yenyewe. Kwenye gari, kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona.

Kati ya hizo tatu, too ndiyo inayomaliza tairi haraka zaidi, na hesabu yake inafaa kufanywa mara moja ili ieleweke. Tuseme too ya pikapu yako imekosea kwa milimita 6 kwa jumla, yaani milimita 3 kila gurudumu. Tairi yenye kipenyo cha takriban milimita 760 itakuwa imepinda chini ya robo ya nyuzi moja, pembe ambayo jicho haliwezi kuiona. Hata hivyo, katika kila kilomita 1 unayokwenda mbele, tairi hiyo inaburutwa kando kwa karibu mita 4. Ukimaliza kilomita 1,000, umeisugua lami kwa kilomita 4 nzima. Hakuna mpira unaovumilia hayo.

Pikapu zote si sawa

Swali la kwanza ambalo fundi mzuri atakuuliza, au atalijibu mwenyewe kwa kuchungulia chini, ni kama ekseli ya mbele ya gari lako ni nzima au kila gurudumu linajitegemea.

Land Cruiser ya pikapu, ile ya mfululizo wa 79 ambayo huunganishwa hapa hapa kwetu katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kule Miritini, ina ekseli nzima mbele. Kemba yake haina pa kurekebishiwa kwa spana. Kinachorekebishwa ni too, kupitia tairodi. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba Land Cruiser yako "imewekwa kemba" na hakuna kifaa chochote kilichobadilishwa, uliza imewekwaje. Kemba ikiwa imekosea kwenye ekseli kama hiyo, basi beringi zimelegea au ekseli yenyewe imepinda, na hilo halinyooshwi na mashine ya kupimia.

Hilux na D-Max za siku hizi ni hadithi nyingine. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini, na hapo kuna mahali pa kurekebishia kemba na kasta pamoja na too. Pikapu za zamani kidogo, kama Nissan Hardbody, hutumia fito ya chuma inayojisokota badala ya springi ya mbele. Fito hiyo ikichoka, mbele ya gari hushuka, na ikishuka vipimo vyote vinahama. Fundi akipima pembe kabla ya kupima urefu wa gari kutoka chini, ameanza mwisho.

Soma tairi kabla ya kulipa

Tairi huandika historia ya gari, na kuisoma hakuhitaji mashine. Zima gari, zungusha usukani mpaka mwisho ili uone uso wa tairi ya mbele, kisha pitisha kiganja juu yake kutoka nje kwenda ndani, halafu urudi. Kama upande mmoja ni laini na ukirudi unakwaruza kama meno ya msumeno, hiyo ni too. Zikilika kingo za nje za tairi zote mbili, mara nyingi zimetazamana kupita kiasi. Zikilika kingo za ndani, zimeachana.

Bega moja la tairi likiisha bila kukwaruza, shuku kemba. Mabega yote mawili yakiisha huku katikati kumebaki, hapo tatizo ni upepo mdogo. Na katikati kukiisha peke yake, upepo umezidi. Mashimo mashimo kama alama za kijiko yanatokana na shokabsoba zilizokufa au gurudumu lisilo na balansi. Haya mawili ya mwisho hayatibiwi na alainimenti, na ni aibu kwamba wengi huuziwa alainimenti kwa ajili yake.

Kuhusu upepo: kipimo sahihi kimeandikwa kwenye stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari, na kwa pikapu nyingi kuna kipimo cha gari tupu na kingine cha gari lenye mzigo. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Tairi ya kushoto ikipungukiwa na upepo, gari litavuta kushoto hata kama alainimenti ni kamilifu.

Jambo jingine linalodanganya ni barabara yenyewe. Barabara zetu zimeinuka katikati na kuteremka pembeni ili maji ya mvua yapite, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari lolote lenye afya litatambaa kushoto kidogo ukiachia usukani. Tafuta mahali tambarare kabla ya kuamua. Likiendelea kuvuta, badilishana tairi mbili za mbele, ya kulia iende kushoto na ya kushoto kulia, kama aina yake inaruhusu. Upande wa kuvuta ukibadilika, ugonjwa umo ndani ya tairi. Kabla ya kufunga kazi, angalia pia kama breki ya upande mmoja inashika bila kukanyagwa: rimu ya upande huo itakuwa na joto kuliko mwenzake baada ya safari fupi.

Kilicholegea hakipimiki

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mazungumzo kama haya husikika katika gereji nyingi za Changamwe:

"Fundi, niwekee alainimenti tu. Nina haraka, mzigo unanisubiri Kongowea."

"Mwanangu, tairodi hii imekufa. Nikikuwekea vipimo sasa, ukipita matuta mawili vimeshatoka."

"Basi mzee wangu, nipimie hivyo hivyo, nitarudi mwisho wa mwezi."

"Utarudi na tairi hizi, au utarudi na zingine?"

Fundi huyo anasema kweli. Pembe hupimwa gari likiwa limesimama. Kama boljointi ina mchezo, kama bushi zimechanika au beringi ya gurudumu imelegea, basi namba zilizo kwenye mashine ni za gari lililosimama peke yake. Ukianza safari, kilicholegea kinasukumwa na barabara hadi mahali pengine, na tairi inakwenda kwa pembe ambayo hakuna aliyeipima.

Ukaguzi wenyewe huchukua muda mfupi. Gari liwe mahali sawa, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa kigingi au jiwe kubwa, mbele painuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake isiaminiwe. Mtu asiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu. Shika tairi juu na chini, usukume na kuvuta. Ikicheza, tazama beringi ya gurudumu, boljointi au, kwa ekseli nzima, beringi za kingpini. Kisha shika kushoto na kulia, ufanye vivyo hivyo. Ikicheza hapo, mara nyingi ni tairodi au mikono ya usukani. Mwombe mwenzako atazame viungo wakati wewe unatikisa, kwa sababu mchezo mdogo huonekana vizuri kuliko unavyosikika mkononi.

Ukiambiwa kwamba kiungo kimechoka, omba ukione kikicheza kwa macho yako kabla hakijafunguliwa. Na kikishatolewa, omba ukabidhiwe.

Tepu, uzi na mashine

Gereji za jua kali hupima too kwa tepu au kwa uzi, na hakuna sababu ya kuzidharau. Njia ya tepu ikifanywa kwa uangalifu hutoa jibu la kuaminika. Chora alama ya chaki katikati ya uso wa tairi zote mbili upande wa mbele, kwenye urefu wa katikati ya gurudumu. Pima umbali kati ya alama hizo. Sukuma gari mbele, lisirudi nyuma, mpaka alama zile zile zifike upande wa nyuma wa tairi kwenye urefu ule ule, kisha pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo too. Kwa kuwa unatumia alama zile zile, rimu iliyopinda kidogo haikudanganyi.

Uzi unahitaji tahadhari zaidi. Fundi huuvuta kutoka tairi ya nyuma hadi ya mbele, akitaka uguse sawasawa. Njia hiyo inadhani kwamba magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana kwa upana mmoja. Kwenye Land Cruiser ya 79 ya miaka ya karibuni sivyo: ya mbele yamekaa mapana kuliko ya nyuma kwa takriban sentimita 10. Fundi asiyelijua hilo ataweka vipimo vibaya kwa bidii na uaminifu mkubwa.

Mashine ya kamera au taa hupima pembe zote kwa pamoja, zikiwemo za nyuma ambazo wengi huzisahau. Pikapu nyingi zina ekseli nzima nyuma, iliyokaa juu ya springi za majani, na kila fungu la springi limeshikwa na bolti moja ya katikati. Bolti hiyo ikikatika, au yu-bolti zikilegea, ekseli husogea nyuma upande mmoja. Gari litaanza kutembea kama kaa: mwili umeelekea huku, safari inakwenda kule, na usukani umekaa upande ingawa barabara imenyooka. Hapo kurekebisha mbele peke yake ni kuficha ugonjwa.

Ukitumia gereji yenye mashine, omba karatasi mbili zilizochapishwa, ya vipimo kabla ya kazi na ya vipimo baada ya kazi. Hakikisha aina na mwaka wa gari ulioandikwa juu ni wa gari lako. Karatasi yenye rangi ya kijani kibichi kila mahali lakini iliyochapishwa kwa gari jingine haina thamani.

Mzigo nao una neno

Pikapu ya kazi si gari la kwenda ofisini. Likibeba mzigo mzito nyuma, mbele huinuka, uzito kwenye tairi za mbele hupungua, na usukani huwa mwepesi usiotulia. Kinyume chake, wengi huongeza majani ya springi nyuma ili gari libebe zaidi. Likiwa tupu, nyuma hubaki juu na mbele huinama; kasta inapungua, na usukani unakosa hamu ya kurudi katikati. Dereva anayerudi tupu jioni kutoka Mwakirunge au Kongowea atalihisi gari likitangatanga, akadhani ni upepo wa bahari.

Kwa hiyo mweleze fundi kazi ya gari kabla hajaanza. Kama kuna kreti, tangi la maji au sanduku la vifaa ambalo halishuki kamwe, liwemo wakati wa kupima. Na kila springi zinapoongezwa au kubadilishwa, alainimenti ipimwe upya. Springi za ziada hazibadilishi uwezo wa ekseli, breki wala tairi. Zinachofanya ni kuficha kwamba gari limezidiwa.

Chumvi

Kuna shida moja ambayo vitabu vya magari vya nchi za bara havikuiwazia. Hewa ya bahari na maji ya chumvi hushika nyuzi za tairodi mpaka zinakuwa kitu kimoja. Fundi anakuja kurekebisha too, zinakataa kuzunguka, na mkono unakwenda kwenye gesi ya kuchomelea. Mkataze. Moto mkali huunguza mpira na grisi ya boljointi iliyo karibu na hubadilisha ugumu wa chuma. Tairodi iliyochomwa, kuunganishwa kwa weldi au kunyooshwa kwa nyundo haifai kurudi kwenye usukani wa gari linalobeba watu na mzigo. Ikikatika barabarani, dereva hana usukani tena, na hakuna ustadi wa kuliokoa gari hilo.

Dawa ni ya bei nafuu na ya mapema. Paka mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla ya kazi, safisha nyuzi kwa brashi ya waya, na ukishamaliza kurekebisha zipake grisi. Ukiishi karibu na ufuo au ukivuka kwa kivuko cha Likoni kila siku, osha sehemu ya chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara.

Barabara mpya, mwendo mpya

Kwa miaka mingi foleni ilikuwa ikiyaficha magari mabovu. Pikapu inayotoka Likoni ilipanga mstari wa kivuko, ikavuka, ikajikongoja mjini hadi Changamwe bila kupata nafasi ya kwenda kasi. Tangu barabara ya Dongo Kundu, yenye madaraja ya Mwache na Mteza, ilipofunguliwa hadi upande wa kusini mwaka 2024, safari ile ile inafanywa kwa mwendo wa barabara kuu. Kasoro ambayo kwa kilomita 30 kwa saa ilikuwa kero, kwa kilomita 80 inakuwa hatari.

Wenye Land Cruiser waangalie zaidi mtetemo mkali wa usukani unaoanza ghafla baada ya kugonga shimo au kiungo cha daraja. Usukani hupiga kushoto na kulia hata mikono ikashindwa kuushika. Ukikupata, usikanyage breki kwa nguvu: shika usukani imara, achia mafuta, acha gari lipungue mwendo taratibu. Kisha usiendelee na safari kabla halijakaguliwa. Wengi hubadilisha shokabsoba ya usukani pekee, mtetemo ukapotea kwa muda. Chanzo mara nyingi ni beringi za kingpini zilizolegea, au bushi zilizochoka za ile fito inayozuia ekseli isiende kando.

Haki yako gerejini

Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Una haki ya kupewa makadirio ya gharama kabla kazi haijaanza, na kazi isiyokubaliwa na wewe haipaswi kuongezwa kwenye bili. Omba makadirio hayo kwa maandishi, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, na chukua risiti. Gereji yenye kibali cha biashara cha kaunti kilichobandikwa ukutani ni rahisi kuirudia ukiwa na lalamiko.

Pikapu za biashara hukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, na usukani ni miongoni mwa yanayotazamwa. Anayesubiri wiki ya ukaguzi ili kubadilisha tairodi ameendesha miezi yote iliyotangulia akiwa na kifaa alichojua kuwa kimechoka, mara nyingi na vibarua wamekaa nyuma.

Kipimo kirudiwe ukigonga shimo kwa nguvu, ukibadilisha springi au kiungo chochote cha usukani, na unapovaa tairi mpya. Vinginevyo, mafundi wengi hushauri kila baada ya takriban kilomita 10,000. Kama yu-bolti zilifunguliwa, rudi gerejini baada ya siku chache za kubeba mzigo ili zikazwe tena, kwa sababu springi mpya hukaa sawa zikishabeba. Andika tarehe na kilomita kwenye ile karatasi ya vipimo na uiweke ndani ya gari pamoja na bima, ili fundi atakayefuata ajue alipoishia mwenzake.